Kwa nini redio ya vita ya miaka 80 haichomekwi tu kwenye umeme?

Chukua Wireless Set No. 19, redio ya Waingereza iliyofungwa ndani ya vifaru wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Nyingine zilitengenezwa Kanada na Marekani zikiwa na maandishi ya Kiingereza na Kirusi usoni, kwa kuwa zilipelekwa pia kwa jeshi la Kisovieti. Anayeipata leo hutamani kuiunganisha na umeme papo hapo aone kama ingali hai. Redio iliyovuka vita vizima inaweza kuungua ndani ya dakika moja kwa haraka hiyo.

Wengi hudhani kilichochoka ni valvu, yale mabomba ya kioo yanayowaka rangi ya chungwa. Sivyo. Ndani ya valvu hewa imeondolewa, na valvu isiyowashwa haizeeki sana. Itazame juu au ubavuni: doa linalong'aa kama fedha maana yake bado haijaingiza hewa, likigeuka jeupe, imekwisha. Hata zikiwashwa hudumu kuliko watu wanavyodhani. Tommy Flowers, mhandisi wa Posta ya Uingereza aliyeunda Colossus, mashine iliyosaidia kuvunja siri za Wajerumani huko Bletchley Park kuanzia 1944, aliambiwa kwamba mashine yenye valvu zaidi ya elfu haitafanya kazi kwa sababu kila mara moja itakufa. Yeye alijua kutokana na mitambo ya simu kwamba kinachoziua mara nyingi ni kuwashwa na kuzimwa. Ukiziacha ziwake, zinadumu. Historia ikampa haki.

Kinachooza kimyakimya ni kapasita, yaani vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme kwa muda.

Anza na zile kubwa za elektroliti, zinazosawazisha umeme baada ya rektifaya, kifaa kinachogeuza mkondo geu kuwa mnyoofu. Ndani yake mna karatasi nyembamba za alumini na majimaji yanayopitisha umeme. Kizio kinachozitenganisha ni utando wa oksidi uliooteshwa juu ya alumini kiwandani kwa kutumia umeme wenyewe, na unene wake ni kiasi cha nanomita moja na nusu kwa kila volti. Umeme unapoendelea kuwepo, utando hujitibu wenyewe kila unapopata tundu. Kapasita ikikaa makumi ya miaka bila umeme, utando huharibika na hakuna cha kuutibu. Ukiipa volti zote kwa ghafla, mkondo hupenya, majimaji huchemka, na mkebe unaweza kupasuka. Hasara haiishii hapo: mkondo huo unavutwa kupitia rektifaya na transfoma, na transfoma ya kijeshi iliyoungua ni vigumu mno kupata nyingine.

Ndiyo maana fundi mzoefu hupandisha volti polepole, kwa saa nyingi, kupitia rezista inayobana mkondo, huku akipima kiasi kinachovuja. Mkondo ukishuka, utando unaota upya. Ukikataa kushuka, kapasita hiyo haina dawa. Wapo wanaotumia transfoma ya kurekebisha volti kwenye waya wa kuingizia umeme, lakini wanasahau kwamba redio nyingi zina rektifaya ya valvu, na hiyo haipitishi kitu mpaka nyuzi zake zipate moto wa kutosha. Unapandisha, unapandisha, hakuna kinachofika, kisha volti nyingi zinaingia kwa mkupuo. Ni salama zaidi kuilisha kapasita moja kwa moja kutoka kwenye chanzo cha pembeni. Kwa redio itakayotumika kweli, mimi naona afadhali kuweka kapasita mpya kabisa.

Kapasita ndogo za karatasi na nta ni hatari zaidi, kwa sababu zinadanganya. Karatasi hunyonya unyevu na kuanza kupitisha umeme kidogo sana. Ubaya wa hicho kidogo unategemea mahali ilipo. Kapasita inayounganisha anodi ya valvu moja (sahani ya ndani yenye volti nyingi) na gridi ya valvu ya mwisho (wavu unaobana mkondo wa valvu) ina kazi ya kupitisha sauti na kuzuia volti za anodi. Tuseme anodi ina volti 250 na gridi imeunganishwa na chasisi, yaani fremu ya chuma ya redio, kupitia rezista ya kiloomu 500. Kapasita ikivuja kama rezista ya megaomu 50, gridi inapata karibu volti 2.5 za ziada upande wa chanya. Gridi inayotakiwa kuwa hasi kwa volti chache haiwezi tena kuibana valvu ipasavyo. Mkondo unapanda, valvu inapata moto kupita kiasi, na transfoma ya spika inaifuata. Multimita ya kawaida itakuambia kapasita ni nzima, kwa kuwa inapima kwa volti chache tu. Lazima uipime kwa volti inazofanyia kazi.

Kuna kosa jingine linalotokea hata kapasita zote zikiwa nzima. Vifaa hivi havikuundwa kwa umeme wa ukutani. Set No. 19 ilitumia betri ya gari, na BC-348 nyingi, redio za ndege za kivita za Marekani, zilitumia volti 28 za mkondo mnyoofu. Kazi ya kuzigeuza kuwa mamia ya volti ilifanywa na dainamota, yaani mota na jenereta kwenye mhimili mmoja, ambayo grisi yake leo imekuwa ngumu na lazima isafishwe kabla ya kuzungushwa. Vifaa vingine vya ndege vilitaka volti 115 za mkondo geu, lakini wa hezi 400. Transfoma ya hezi 400 huwa na chuma kidogo, jambo zuri angani ambako kila kilo inahesabiwa. Ipe hezi 50 kwa volti zilezile: chuma kinashindwa kubeba sumaku yote, mkondo unapanda, nyuzi zinaungua. Namba iliyoandikwa kwenye kibao inasema 115, umeipa 115, na bado umekosea.

Pamoja na hatari zote hizo, ni vifaa vichache vinavyotengenezeka kirahisi kama hivi. Vilibuniwa ili askari avitengeneze akiwa mbali na kiwanda. Miongozo ya jeshi la Marekani ina majedwali ya volti na ukinzani kwa kila mguu wa kila valvu, kwa hiyo unapima na kulinganisha, huna haja ya kubahatisha. R-390A, redio ya kupokea ya jeshi la Marekani ya miaka ya 1950, imegawanywa katika visehemu vinavyotoka kimoja kimoja. Wajerumani kwenye Torn.E.b, redio yao ya kupokea ya wakati wa vita, walitumia valvu nne, zote za aina moja, RV2P800, hivyo akiba ya aina moja ilitosha kwa redio nzima. Najisikia heshima kubwa kwa waliofikiria hivyo.

Kabla ya bisibisi kugusa chochote, angalia mita na uso wenye namba za kutafutia stesheni. Rangi iliyokuwa iking'aa gizani mara nyingi ilitiwa radiamu. Mng'ao ulishakufa kwa sababu kemikali inayotoa mwanga imechakaa, ila radiamu hupungua nusu yake baada ya miaka 1,600, kwa hiyo karibu yote bado ipo. Usikwangue, usipige mswaki, usifungue kioo. Vumbi lake likiingia mapafuni ndilo linalodhuru. Insulesheni ya mpira kwenye waya nayo mara nyingi hubomoka ukiikunja, kwa hiyo usivute waya ili uone vizuri.

Kusawazisha koili, yaani kurekebisha nyaya zilizoviringwa zinazochagua masafa ya redio, huachwa mwisho kabisa, baada ya volti zote kulingana na jedwali. Wanaoanza hukimbilia kugeuza viini vya koili (skrubu za ndani yake za kurekebishia) wakisikia redio ni dhaifu, wakati kilichodhoofisha ni rezista ya kaboni ambayo ukinzani wake umepanda kwa miaka. Viini vilivyoganda hupasuka vikilazimishwa, na aliyevigeuza bila jenereta ya mawimbi ya kupimia hana njia ya kurudi pale kiwanda kilipoviacha.