Majani mekundu ya Septemba: kupeleka familia mlimani bila kukosa wiki yake

Mdogo wangu anaishi Montréal, na kila mwisho wa Septemba anaanza kututumia mafoto ya milima ya kule, Mont-Tremblant na vilima vya pembeni yake, miti yote imegeuka nyekundu na njano, yeye na watoto wake wamevaa mapulovere wanacheka. Watoto wangu wanapitisha foni toka mkono mpaka mkono, kisha swali linakuja kwangu: papa, na siye tutaenda lini kuona majani mekundu?

Bon. Mi nafanyaga kazi ya miti, kupima unene, kuhesabu, kuandika gani umekufa na gani umechipuka, kwa hiyo swali hili siwezi kulikimbia. Na jibu ni kwamba majani mekundu tunayo hapa Katanga, tena wiki zilezile za Montréal, ila watu wengi wa Lubumbashi wanayapita kwa gari wakifikiri mti umekauka ao umeungua.

Kule Kanada siku zinafupika, baridi inaingia, mti unaacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani, na ile iliyokuwepo inavunjika. Njano ilikuwa ndani ya jani tangu zamani, imefichwa tu. Nyekundu ndo mti unaitengeneza mwishoni kabisa, inaitwa antosianini, kisha jani linaanguka. Kwa hiyo mdogo wangu anapiga foto wazee. Huku kwetu jani jekundu ni mtoto mchanga, limetoka kwenye kichipukizi juzi, klorofili yake bado haijajaa, na ile antosianini inalikinga na jua kali mpaka likomae. Rangi moja, kule inaaga na huku inapiga hodi, na zote kati ya Septemba na Oktoba, mi hii kitu bado inanishangazaga mpaka leo.

Kinachoshangaza zaidi ni kwamba miombo, ile miti ya pori letu, inatoa majani kabla ya mvua. Tangu Mei hakuna hata tone, udongo umekuwa kama tofali, jua la Septemba linachoma, na muputu, mmoja wa miombo hiyo, anaamua kuvaa nguo mpya! Maji anayatoa kwenye mizizi inayoenda chini sana na kwenye akiba ya shina lake. Mutondo, muombo mwingine, naye vilevile, kila mti na siku yake, ndo maana utakuta mmoja umewaka rangi ya mawese mapya, jirani yake umeshakuwa kijani, wa tatu bado uko mtupu.

Sasa kosa langu. Mwaka wa kwanza nilipanga kwa kalenda ya shule, mwezi wa nane, nikiona vakansi ndo muda mzuri, gari nzima ya watu na nkambo wa watoto mbele. Tulikuta miti imeangusha majani na moshi wa moto wa pori umefunika kila kitu, hata kilima cha pili hakionekani. Nkambo akashuka, akazunguka gari, akaniuliza kama nimewaleta wote huku kuangalia kuni. Hiyo maneno ilirudi kwenye kila harusi mwaka mzima.

Kwa hiyo usifuate vakansi. Mi naangaliaga kuanzia katikati ya Septemba, na wikendi nnayopenda ni ya mwisho wa mwezi ao ya kwanza ya Oktoba. Shule zimeshafunguliwa, ndiyo, ndo maana ninasema wikendi, na ikibidi omba ruhusa ya Ijumaa moja. Kabla ya kununua esansi, tafuta mtu anayetoka upande ule, dereva wa kamyo, muuza makala, mtu yeyote, umuulize miti imeanza kuwa nyekundu ao bado, na moto umepita wapi. Moto wa mwanzo wa kiangazi, mwezi wa tano ao wa sita, hauna shida sana, nyasi bado zina maji. Huu wa Septemba ndo mbaya, unapanda juu na kuunguza majani machanga, na safari yako nayo.

Wapi? Kama una jipu ya nguvu na siku tatu, Kundelungu. Ni parki ya taifa tangu 1970, na lazima upitie ICCN kwanza, ile ofisi ya serikali inayochunga maparki, ruhusa, hali ya njia, usalama, yote uliza mbele, usifike pale na watoto ukaanza kubishana na mlinzi. Lakini hapa watu wanakoseaga: wanapanda mpaka juu wakitafuta msitu, na juu ya mlima hakuna msitu! Kule kwenye mita 1,600 na zaidi ni tambarare ya nyasi, upepo na baridi ya usiku. Miti iko kwenye miteremko na chini bondeni. Unachofanya ni kusimama ukingoni na kuangalia chini, na hapo unaona migongo ya miti yote, nyekundu, shaba, pinki, kijani changa, kama mtu ametandika vitenge vyote vya soko kwa pamoja. Maporomoko ya Lofoi yako humohumo, yanaanguka zaidi ya mita 300, ila wakati huo wa kiangazi maji yamepungua, waambie watoto mapema wasije wakalia. Na ukingoni mtoto anashikwa mkono, hakuna cha kusema amekuwa mkubwa.

Kama huna jipu, usihuzunike. Nenda Mikembo, hifadhi iliyo si mbali na muji, miombo ya kule imechungwa vizuri. Ao simama tu kwenye shamba lililoachwa, pale walipokata miti ya makala. Kisiki cha muombo hakifi upesi, kinachipuka, na vichipukizi vyake vinakuwa vyekundu vilevile, urefu wa kifua cha mtoto. Mi napendaga hivi kuliko vya mlimani kwa sababu unaweza kuvishika. Binti yangu wa miaka sita alishika jani la muputu akasema limelowa, halikuwa limelowa, ni vile jani changa linaning'inia laini bila nguvu. Nikamwambia alinyanyue mbele ya jua, mishipa yote ikaonekana kama ya mkono wake.

Saa nzuri ni asubuhi, kumi na mbili mpaka mbili, halafu tena kuanzia saa kumi, na simama jua likiwa nyuma ya mti, lisikae mgongoni kwako. Saa sita rangi inakufa. Beba maji kuliko unavyofikiri, bidoni nzima, bukari (ugali) na samaki vilivyopikwa mapema nyumbani, pulovere ya usiku, na kitambaa cha uso kwa kila mtu, kwa sababu kuna vinyuki vidogo visivyouma ambavyo vinatafuta jasho na vinaingia machoni, nkambo alivitukana siku nzima. Watoto watataka kupanda vichuguu, vile vikubwa vyetu vya kushinda nyumba. Kweli ukiwa juu unaona mbali, lakini piga fimbo chini kwanza uangalie mashimo, nyoka nao wanapapenda.

Na usiahirishe kwa wiki mbili ukisema majani hayakimbii. Mwaka jana nilifunga uzi mweupe kwenye tawi moja la kisiki, Jumamosi, majani yake mekundu kabisa. Jumamosi ya tatu nikarudi, uzi nikauona, tawi lilikuwa kijani kama mengine yote.