Watu 82 kwa kilomita ya mraba, lakini ardhi ipi?

Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Ukigawa kwa eneo lote la nchi unapata watu 82 kwa kila kilomita ya mraba. Hesabu haina kosa, ila watu wengi huisoma vibaya.

Dhana: Penye msongamano mkubwa ni mjini.
Ukiondoa Nairobi na Mombasa, kaunti iliyosongamana kuliko zote Kenya ni Vihiga, watu 1,047 kwa kilomita ya mraba. Kiambu, yenye miji ya Thika na Ruiru, ina 952. Na Vihiga ni mashambani hasa: mahindi yamepandwa hadi ukutani mwa jiko, majani ya ng'ombe yameota kando ya njia, makaburi ya wazee yako katikati ya migomba. Shamba la babu liligawiwa wana, nao wakawagawia wajukuu. Wako Wamaragoli, watu wa Vihiga, waliofika hadi Kigumba, Uganda, wakitafuta pa kulima.

Dhana: Misri ina nafasi tele.
Kwa hesabu ya kawaida ndivyo inavyoonekana: watu zaidi ya milioni 100 katika karibu kilomita za mraba milioni moja, yaani mia na ushei tu. Lakini ardhi inayolimika haifiki asilimia 4, na karibu yote imeshikamana na Mto Nile. Ukigawa kwa ardhi hiyo peke yake, kila kilomita ya mraba inatakiwa kulisha watu zaidi ya 2,500. Mimi ningependa kipimo hiki kifundishwe kwanza, kwa sababu jangwa halipandwi ngano.

Dhana: Nchi zenye msongamano sawa zina maisha sawa.
Sensa ya Rwanda ya 2022 ilipata watu 503 kwa kilomita ya mraba. Uholanzi, ukihesabu nchi kavu tu, imezidi 500 kidogo. Sasa hesabu wakulima peke yao kwa eneo linalolimika, uone tofauti. Rwanda ni familia nyingi zenye majembe ya mkono kwenye vishamba vya mlimani. Uholanzi ni wakulima wachache wenye matrekta.

Dhana: Watu wachache maana yake ardhi ni tupu.
Hii ndiyo inayoniuma, maana inaweza kumnyang'anya mtu ardhi yake. Kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, ina watu 6 kwa kilomita ya mraba, na anayeiona kwenye ramani hudhani haina mwenyewe. Lakini wafugaji Wagabra, Warendile na Waborana hufuata mvua na majani, na kisima huwa na zamu za kunywesha zinazojulikana. Ukikuta malisho hayana mtu, huenda wenyewe wako mbali pamoja na ngamia wao, na majani yale wameyaacha yaote.