Je, wajua kwa nini klabu za CoderDojo hazina mtaala wala mitihani?

Julai 2011, katika mji wa Cork kusini mwa Ireland, kijana James Whelton, aliyekuwa ametoka tu shule ya sekondari, alifungua klabu ya kufundisha watoto kuandika programu za kompyuta. Alishirikiana na Bill Liao, mfanyabiashara na mfadhili. Kabla ya hapo Whelton alikuwa ameanzisha klabu shuleni kwake, baada ya kupata sifa kwa kudukua iPod Nano, kifaa kidogo cha muziki cha Apple, na wenzake kutaka awafundishe. Klabu hiyo mpya, CoderDojo, ilizaa nyingine Dublin, kisha nchi nyingi duniani. Wanaoziendesha ni watu wa kujitolea, na watoto wa miaka 7 hadi 17 huhudhuria bure.

Sasa, mtandao wa klabu usio na walimu wa kuajiriwa unawezaje kuleta mbinu mpya za kufundisha?

Jibu langu: kwa sababu hakuna wa kuombwa ruhusa. Mwalimu wa darasani akitaka kubadili somo, ana mtaala wa kumaliza na mtihani unaomsubiri mwisho wa mwaka. Jaribio likimharibikia, wanaoumia ni wanafunzi. Kwenye dojo, yaani klabu ya CoderDojo, jaribio likienda mrama kilichopotea ni saa mbili za Jumamosi. Kiongozi wa klabu anaweza wiki hii kuwapa watoto Scratch, lugha ya kuandika programu kwa kupanga vipande vya rangi, na wiki ijayo akawaachia waunde roboti. Makao makuu hayamtumi mkaguzi kuuliza kwa nini.

Ila si holela. Klabu hukubaliana na mkataba mmoja: huduma ni bure, watoto walindwe, na maarifa yagawanywe kwa klabu nyingine. Hilo la mwisho, naona, ndilo lenye uzito kuliko yote. Mbinu iliyofaulu mahali pamoja isipotoka hapo, hufa na aliyeibuni. Ndiyo maana miongozo ya miradi huwekwa wazi ili yeyote aitumie au aibadilishe, na wapo wajitoleaji ambao kazi yao ni kuitafsiri tu.

Ufundishaji wenyewe nao umegeuzwa. Mtoto akikwama, hakimbilii mtu mzima; huhimizwa kwanza atafute mwenyewe na kuwauliza wenzake. Mkubwa humsaidia mdogo, na mara nyingi wa miaka 15 aliyeanza kama mwanafunzi huishia kuwa mlezi. Badala ya mtihani kuna maonyesho, Coolest Projects, yaliyoanza 2012, ambapo mtoto husimama mbele ya kazi yake na kueleza alivyoiunda. (Wapo watu wazima wasioweza kufanya hivyo.)

Udhaifu nao upo. Klabu hutegemea moyo wa mtu mmoja au wawili. Wakihama au wakichoka, mlango hufungwa. Tena wanaojitolea hupatikana kwa urahisi zaidi palipo na wataalamu wa kompyuta, kwa hiyo mtoto aliye mbali nao ndiye hukosa. Kuchunguza wajitoleaji, kuandaa vifaa na kuunganisha klabu kunahitaji ofisi na fedha. Mwaka 2017 taasisi ya CoderDojo iliungana na Raspberry Pi Foundation, shirika la hisani la Uingereza lililo nyuma ya kompyuta ndogo ya jina hilo, na kazi hizo zikapata mbebaji.