Lebo za "organic" na "natural" madukani: maswali na majibu

Katika maduka ya chakula ya Unguja na Pemba, hasa yanayouza bidhaa zinazotoka nje, si ajabu sasa kukuta pakiti mbili za bidhaa moja zimepangwa pamoja, moja ikiwa na maneno "organic" au "100% natural" na bei yake ikiwa juu zaidi ya mwenzake. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu anayenunua chakula cha familia, ambaye fedha yake ina mipaka na afya ya watu wake ni amana mikononi mwake.

Je, "organic" na "natural" ni kitu kimoja?

Si kitu kimoja. "Organic" ni mazao ya kilimo hai, na katika nchi nyingi matumizi ya neno hilo yanasimamiwa na sheria. Linahusu namna chakula kilivyolimwa au mnyama alivyofugwa: bila ya mbolea za viwandani, bila ya viuatilifu (dawa za kuua wadudu na magugu) vingi vya kemikali, bila ya mbegu zilizobadilishwa vinasaba, na chini ya mkaguzi ambaye si mwenye shamba. Kwa kanuni za Marekani, ardhi lazima ikae miaka 3 bila ya kutiwa vitu vilivyokatazwa kabla ya mavuno yake kuuzwa kwa jina hilo. Hii haina maana kwamba shamba halipigwi dawa kabisa, kwani baadhi ya viuatilifu vya asili, kama vile vinavyotengenezwa kwa maua ya pareto, vinaruhusiwa.

"Natural" haina uzito huo. Kwa kawaida hakuna mkaguzi anayekwenda shambani kwa sababu ya neno hilo. Mamlaka ya chakula ya Marekani hulichukulia kuwa na maana kwamba bidhaa haikuongezwa kitu cha kutengenezwa, kama rangi, ambacho mnunuzi asingekitarajia humo, na haligusi kabisa habari ya dawa zilizopigwa shambani. Kwa maoni yangu, mnunuzi asiongeze hata shilingi moja kwa sababu ya neno hili peke yake.

Nitajuaje kwamba bidhaa ni ya kilimo hai kweli?

Tafuta alama ya uthibitisho na jina au namba ya aliyeithibitisha. Bidhaa za Ulaya huwa na jani lililochorwa kwa nyota nyeupe juu ya rangi ya kijani, na karibu yake huandikwa namba inayoanza na herufi mbili za nchi. Alama ya USDA, yaani Wizara ya Kilimo ya Marekani, huruhusiwa pale ambapo angalau asilimia 95 ya viambato, bila ya kuhesabu maji na chumvi, ni vya kilimo hai. Bidhaa zikiandikwa "made with organic", kiwango kinachotakiwa ni asilimia 70 tu, na alama yenyewe haitumiki. Afrika Mashariki nayo ina kiwango chake cha pamoja kilichopitishwa mwaka 2007, na alama yake inaitwa Kilimohai. Picha ya jani au ya shamba la kijani bila ya jina la mthibitishaji ni pambo tu.

Na mboga na viungo vya masoko ya Darajani, Mwanakwerekwe au Chake Chake, ambavyo havina lebo yoyote?

Kukosa lebo si dalili ya ubaya. Wakulima wengi wadogo wa karafuu na viungo hawatumii kemikali, ila hawana cheti kwa sababu ukaguzi una gharama. Mboga ni jambo jingine. Tungule, kabichi na mchicha hushambuliwa sana na wadudu, na wapo wanaopiga dawa na kuvuna kabla ya kumalizika siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa hiyo. Muulize muuzaji mboga zimetoka shamba gani, zimepigwa dawa gani na lini. Muuzaji anayenunua moja kwa moja kwa mkulima mara nyingi ana jibu, na ukiwa mteja wake wa kila siku atakwambia ukweli. Nyumbani osha kwa maji safi yanayotiririka, ondoa majani ya nje, wala usitumie sabuni. Mboga ya kilimo hai nayo huoshwa vivyo hivyo, kwani samadi huweza kubeba vijidudu vya maradhi ya tumbo.

Je, chakula cha kilimo hai kina lishe bora zaidi?

Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2012 hayakupata ushahidi wa nguvu kwamba kina lishe bora kwa kiasi kikubwa. Yaliyoonekana ni kwamba mabaki ya viuatilifu ni machache zaidi. Hiyo ni faida ya kweli. Hata hivyo, alama ya kilimo hai haikwambii lolote kuhusu sukari, chumvi wala mafuta yaliyomo.

Chukua mfano wa boksi la juisi la mililita 250 lililoandikwa "organic" na "hakuna sukari iliyoongezwa". Ligeuze usome jedwali la lishe. Likionesha gramu 11 za sukari katika kila mililita 100, mtoto atakayelimaliza amekunywa zaidi ya gramu 27, yaani karibu vijiko 7 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya aina hii, pamoja na ya juisi na asali, isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwa siku, na kwamba ni bora zaidi ikibaki chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni takriban gramu 25. Chungwa lenyewe, likiliwa pamoja na nyama yake, lina manufaa zaidi na bei yake ni ndogo.

Nina kisukari. Je, sukari guru au asali ya asili ni salama kwangu?

Hapana. Sukari guru kwa sehemu yake kubwa ni sukari ile ile ya miwa, na asali ina takriban asilimia 80 ya sukari. Vyote viwili hupandisha sukari ya damu na lazima vihesabiwe katika mpango wa chakula uliopewa kliniki. Unaposoma orodha ya viambato, kumbuka kwamba hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi, na kwamba glukosi, dekstrosi na fruktosi zote ni sukari.

Chumvi ya bahari iliyoandikwa "natural" ni bora kuliko chumvi ya kawaida ya pakiti?

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asimame kidogo, kwa sababu neno zuri linaweza kuleta madhara. Maji ya bahari yakikaushwa juani, chumvi inayobaki huwa na madini joto (iodini) kidogo mno. Ndiyo maana huongezwa kiwandani, na chumvi inayosifiwa kwamba haikuongezwa kitu huwa haina kinga hiyo. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, na mama mjamzito au anayenyonyesha 250. Upungufu husababisha uvimbe wa tezi ya shingo, na kwa mjamzito huweza kuharibu mimba au kudumaza ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Wengi husema kwamba sisi wa visiwani tunakula samaki, kwa hiyo hatuwezi kupungukiwa. Uchunguzi uliofanywa Unguja na Pemba katika miaka ya 2000 ulionesha kinyume chake: upungufu ulikuwepo, na Pemba, ambako watu wengi walitumia chumvi ya mashamba ya chumvi ya hapo hapo isiyotiwa madini joto, hali ilikuwa mbaya zaidi. Basi nunua chumvi iliyoandikwa wazi kwamba ina madini joto, ihifadhi katika chombo chenye kifuniko mbali na jua na unyevu, na jumla ya chumvi kwa siku isifike gramu 5, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai.

Mafuta ya kupikia yaliyoandikwa "hayana lehemu" (kolesteroli) yana ubora wa pekee?

Hayana. Mafuta yote ya mimea kwa kawaida hayana lehemu. Angalia kiwango cha mafuta yaliyoshiba, yaani aina ya mafuta inayopandisha lehemu ya damu, ambacho katika mafuta ya nazi hupita asilimia 80 na katika mawese ni karibu nusu.

Kitu cha asili kabisa kinaweza kudhuru?

Kinaweza. Asali safi isipewe mtoto aliye chini ya miezi 12, hata kwa kulambishwa, kwa sababu huweza kuwa na mbegu za kijidudu kinachozalisha sumu ndani ya utumbo wake na kumlegeza misuli. Maziwa mabichi huweza kubeba ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo, na ni lazima yachemshwe. Karanga na mahindi yaliyoingia unyevu huota kuvu inayotoa sumukuvu, ambayo kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au iliyoota ukungu itupwe, hata kama imelimwa bila ya tone la kemikali.

Nifanye nini nikishuku kwamba lebo ni ya uongo?

Usiitupe pakiti. Hifadhi risiti, andika namba ya toleo, tarehe ya kumalizika muda na jina la duka, kisha upeleke taarifa kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA), au kwa Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS) ikiwa tatizo ni alama ya ubora. Kama kuna aliyeumwa baada ya kula, mpeleke kwanza kituo cha afya ukiwa na pakiti hiyo mkononi, ili daktari aone kilichomo.