Jiwe limechakaa, halijamomonyoka

Nimelisikia tena kosa lile, safari hii kwenye video ya mandhari. Kamera imetulia juu ya jiwe kubwa la matale, yaani graniti, mviringo kama yai, na msimulizi anasema kwa sauti nzito kwamba limeviringwa na mmomonyoko. Jiwe lenyewe halijawahi kusogea hata hatua moja.

Kwa kifupi: mwamba ukivunjika, ukioza au ukiyeyuka papo hapo ulipo, kwa sababu ya joto, baridi, maji, hewa au viumbe, huko ni kuchakaa. Vipande vikishazolewa na maji, upepo au barafu na kupelekwa kwingine, huo sasa ndio mmomonyoko.

Neno lenyewe linatuambia, tukilisikiliza. Ng'oka, chomoka, banduka, chopoka, momonyoka: mwishilio huo wa -oka na -uka katika vitenzi hivi unasema kitu kimeachana na mahali pake. Ukuta wa udongo ukimomonyoka, vibonge viko chini, haviko ukutani tena. Kuchakaa ni habari nyingine. Shati huchakaa likiwa mwilini; kola inanyambuka, rangi inapauka, na bado umelivaa. Wapo wanaosema kuoza kwa mwamba, nami sigombani nao, maana hata tunda huoza likiwa mtini.

Kuchakaa kwa kuvunjwa kunaeleweka upesi. Maji yakiganda ndani ya ufa hutanuka kwa takriban asilimia 9, na ufa hauna budi kupanuka. Fuwele za chumvi nazo husukuma vivyo hivyo. Mwamba unakuwa vipande, lakini kila kipande ni jiwe lilelile. Vitabu vingi huongeza aina ya peke yake kwa ajili ya viumbe. Mimi naona mzizi ama unapasua, ama unatoa asidi, kwa hiyo hauhitaji fungu lake.

Kuchakaa kwa kikemia ndiko kunakosahaulika, na ndiko kulikoliviringa jiwe lile. Chukua kipande cha matale kilichokaa ardhini muda mrefu, ukipasue kwa nyundo. Katikati ni kijivu, kigumu, kinametameta. Pembeni kuna ganda la kahawia. Matale hasa ni chembe za madini matatu: felspa, ulanga na kwatzi. Ndani ya ganda hilo chembe za felspa, ambazo katikati zingali ngumu, zimekuwa nyeupe kama chaki, unazikwangua kwa ukucha: maji ya mvua yaliyobeba kaboni dioksidi ni asidi hafifu, nayo imezigeuza kuwa udongo wa mfinyanzi. Ulanga mweusi una chuma, basi umeota kutu. Chembe za kwatzi ndizo pekee zilizobaki kama zilivyokuwa, na zikishaachiliwa na wenzake ndizo mchanga. Jiwe la chokaa ni mkaidi kwa tofauti hii ninayoitetea, kwa sababu linayeyuka na kuondoka na maji yaleyale yaliyolichakaza.

Sasa fikiria bonge la matale lenye kona, limezikwa ardhini, maji yanapita kwenye nyufa pande zote. Uso wake unashambuliwa kutoka upande mmoja, ukingo kutoka pande mbili, kona kutoka pande tatu. Kona ndiyo inayoisha kwanza, kisha ukingo. Bonge linakuwa duara gizani, bila kubingirika, bila mto kulisukuma, huku limezungukwa na mabaki laini ya ganda lake lenyewe.

Kwa hiyo msimulizi yule hakukosa kabisa. Mmomonyoko ulifika baadaye, ukafagia udongo ule laini mpaka jiwe likatokeza juani. Angesema tu kwamba kuchakaa kumeliviringa, na mmomonyoko umelifunua.