Manusura si lazima asimulie leo: dhana potofu zinazotuzunguka baada ya shambulio la kigaidi

Kila linapotokea shambulio, hata idadi ya waliokufa haijajulikana vizuri, simu zinaanza. Anapiga mkurugenzi wa kampuni, mkuu wa shule, wakati mwingine mtoto wa manusura mwenyewe. Ombi ni lile lile: "Daktari, njoo leo hii uwakalishe wote pamoja, kila mmoja aseme alichokiona, wasije wakachanganyikiwa." Nikijibu kwamba sitafanya hivyo, tena hata wao wasithubutu, kinafuata kimya kirefu. Wengine hudhani nakwepa kazi. Nimechoka kulieleza hili kwa mtu mmoja mmoja, basi naliandika, na mengine nitayagusia njiani.

Dhana: Asiposimulia mapema, yatamwozea moyoni

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu wanaoishikilia ni watu wema wanaotaka kusaidia. Wanaufikiria moyo kama jipu: likamue mapema, usaha utoke, mtu apone. Kumbukumbu haifanyi kazi hivyo.

Wazo lenyewe lina historia. Mwaka 1983 Mmarekani Jeffrey Mitchell alichapisha utaratibu wa vikao vya pamoja kwa ajili ya zimamoto na wahudumu wa magari ya wagonjwa, watu wanaofahamiana na waliozoea kazi ya hatari. Miaka michache baadaye utaratibu huo ukawa unatumika kwa kila mtu: wafanyakazi wa benki walioporwa, wanafunzi, majeruhi wodini. Kikao kimoja, ndani ya siku chache, simulia yote, nenda nyumbani. Ulienea kabla haujapimwa.

Ulipopimwa, majibu yalikuwa mabaya. Mwaka 1997 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Uingereza uliofanywa kwa watu walioungua moto. Miezi 13 baadaye, kati ya waliopewa kikao hicho, asilimia 26 walikuwa na msongo wa baada ya kiwewe, yaani maradhi ya kuendelea kuandamwa na tukio la kutisha lililokwisha kupita. Kati ya wale ambao hawakupewa, ni asilimia 9. Utafiti mwingine uliwafuatilia majeruhi wa ajali za barabarani kwa miaka mitatu, na hapo wale waliokuwa na dalili nzito tangu mwanzo wakakalishwa na kusimulishwa ndio waliobaki na dalili, ilhali wenzao waliokuwa na hali kama yao lakini wakaachwa walipata nafuu. Mapitio ya mwaka 2002 ya Cochrane, shirika linalopima ushahidi wa tiba, yaliyakusanya majaribio ya namna hii na kusema wazi kwamba kuwalazimisha watu vikao hivyo kukome. Shirika la Afya Duniani nalo halivipendekezi. Zaidi ya miaka ishirini imepita, na bado napigiwa simu.

Kwa nini vinadhuru? Siku za mwanzo mwili bado uko vitani: moyo unakwenda mbio, usingizi hauji, kila mlango ukibamizwa mtu anaruka. Ukimrudisha kwenye tukio kwa nguvu wakati huo, unaichochea hali ile ile unayodai kuituliza. Halafu ukumbini kuna aliyeona mwili mmoja na aliyeona kumi. Baada ya kikao, wote wawili wameona kumi.

Na wapo ambao kunyamaza ndiko kunakowafaa. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, watafiti nchini Marekani waliwapa maelfu ya watu nafasi ya kuandika mawazo yao siku zile zile, kisha wakawafuatilia kwa takriban miaka miwili. Waliochagua kutoandika chochote hawakuharibikiwa. Kwa wastani hali yao ilikuwa afadhali kuliko ya walioandika. Kwa hiyo shangazi anayesema "huyu mtoto hasemi, kuna kitu" atulie kidogo.

Tena wengi hupona bila mtaalamu. Uchunguzi uliofanywa kwa wakazi wa Manhattan, jijini New York, wiki chache baada ya Septemba 11 ulikuta asilimia 7.5 wakiwa na dalili zinazoashiria msongo wa baada ya kiwewe. Ilipofika miezi sita, kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 0.6. Kwa walioponea chupuchupu na kwa wafiwa hali ni nzito zaidi na huchukua muda mrefu, hilo silipingi. Ninachopinga ni kumtangaza mtu mgonjwa siku ya pili eti kwa sababu analia na kuota ndoto mbaya. Siku ya pili, nani asilie?

Sisemi watu wanyamazishwe. Anayetaka kuzungumza, kaa naye, msikilize, amalize anapotaka kumaliza. Usimdadisi. Lile swali la waandishi wa habari, "ulijisikiaje ulipomwona mwenzako ameanguka?", kwangu lingepigwa marufuku.

Kinachosaidia siku za mwanzo ni mambo ambayo hayaonekani kama tiba. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na washirika wake mwaka 2011 unayataja: mpeleke mtu mahali salama, mpe maji na blanketi, mtafutie ndugu zake, mwambie ukweli unaojulikana. Mimi huongeza moja ambalo wenzangu hulicheka: chaja za simu. Manusura ambaye simu imezima hajui mkewe yuko hai au la, na hakuna ushauri nasaha utakaomwingia mpaka ajue. Nikikuta wakuu wa ofisi wameleta washauri wanne na hakuna hata waya mmoja wa chaja, najua siku itakuwa ndefu.

Na tafadhali, msimgawie kila aliyetetemeka vidonge vya kutuliza vya jamii ya diazepamu ili "alale kidogo". Shirika la Afya Duniani linashauri visitolewe kwa dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza.

Mwezi ndio mpaka wenyewe. Ukipita, na mtu bado anarudishwa kwenye tukio na ndoto na kumbukumbu, anakwepa kila kinachomkumbusha, hafanyi kazi wala halali, hapo aje. Ipo tiba ya utambuzi na tabia inayolenga kiwewe, yaani tiba ya mazungumzo inayogusa fikra na mwenendo wa mtu, na humo kusimulia kumo, lakini ni kwa hatua, kwa wiki kadhaa, mbele ya aliyefunzwa. Anayezungumzia kujiua hasubiri mwezi wala wiki. Baada ya milipuko ya treni na basi ya London ya Julai 7, 2005, Waingereza waliweka mpango wa kuwatafuta waathirika mmoja mmoja, kuwapima kwa dodoso na kuwaelekeza kwenye tiba waliobaki na dalili. Wengi wa waliohitaji msaada wasingefikiwa kwa kungoja rufaa za madaktari wao wa kawaida. Hivyo ndivyo nchi inavyopaswa kutumia fedha zake: kuwafuatilia watu kwa muda mrefu, badala ya kuwakusanya ukumbini siku ya kwanza.

Dhana: Bomu likilipuka watu hupagawa na kukanyagana

Wanaosimamia usalama wanaipenda sana hii, kwa kuwa inawapa kisingizio cha kuficha habari: "Tusiwaambie, watataharuki." Woga upo, tena mkubwa. Lakini kuogopa na kupagawa ni mambo mawili. Septemba 11, kwenye ngazi za World Trade Center, maghorofa pacha ya New York yaliyogongwa na ndege, watu walishuka kwa mpangilio, wakiwapisha majeruhi na kuwabeba wasioweza kutembea. Waliokuwa chini ya ghorofa zilizogongwa, karibu asilimia 99 walitoka hai. Siku hiyo hiyo manahodha wa feri, tishari na boti za kila aina waliwavusha watu wanaokadiriwa kufika nusu milioni kutoka kusini mwa Manhattan kwa muda wa saa tisa hivi, na wengi wao walijitokeza kabla ya kuamriwa. Kwenye mahandaki ya treni ya London mwaka 2005, abiria wasiojuana walifungana vidonda kwa nguo zao gizani.

Kinachowatibua watu ni kukosa habari au kupewa za uongo. Asubuhi ile London, maelezo ya kwanza yalikuwa hitilafu ya umeme. Madrid, baada ya mabomu ya treni ya Machi 11, 2004, serikali iling'ang'ania kwamba ni ETA, kundi lenye silaha lililodai uhuru wa eneo la Basque, hata dalili zilipoelekeza kwingine. Siku tatu baadaye kulikuwa na uchaguzi, na chama tawala kikashindwa. Mkiwa mnajua kidogo, semeni hicho kidogo, na mtaje saa mtakayorudi kusema tena.

Dhana: Aliyeona kwenye televisheni tu hana la kulalamikia

Analo. Baada ya mabomu ya mbio za marathoni za Boston, Marekani, mwaka 2013, utafiti uligundua kwamba waliofuatilia habari za tukio kwa saa sita au zaidi kila siku katika wiki iliyofuata walieleza msongo mkali kuliko hata waliokuwa pale mbioni au karibu yake. Picha ile ile ya mlipuko ikirudiwa mara mia, mwili hauhesabu kwamba tukio ni moja.

Ushauri wangu haubadiliki: taarifa ya habari mara mbili kwa siku, ya kusoma au ya redio, halafu zima. Video za maiti zinazozungushwa kwenye makundi ya simu usizifungue, na usizisambaze hata kwa kisingizio cha "tuombeane". Kuna mtu atamtambua mwanawe kwa shati kwenye video yako.

Dhana: Kimbilia kutoa damu saa hiyo hiyo

Inategemea. Baada ya Septemba 11 Wamarekani walipanga foleni hadi zikakusanywa karibu chupa nusu milioni za ziada. Zilizohitajika kwa majeruhi hazikufika 300, na nyingi ziliishia kutupwa. Nairobi, bomu lilipolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani Agosti 7, 1998, ilikuwa kinyume: zaidi ya watu 200 walikufa na maelfu wakajeruhiwa, hivyo damu ilihitajika kweli. Sikiliza hospitali inasema nini. Ukiambiwa rudi wiki ijayo, rudi wiki ijayo, maana damu huhitajika mwaka mzima.

Nairobi ilitufundisha jambo lingine ambalo halirudiwi vya kutosha. Kulitangulia mshindo mdogo, watu wakakimbilia madirishani kuchungulia, ndipo bomu kubwa likalipuka. Wengi walipoteza macho kwa vioo. Ukisikia mlipuko, kaa mbali na dirisha.

Dhana: Jamii fulani ikibanwa, wengine wote tunakuwa salama

Mimi si askari, kwa hiyo nazungumzia ninachokijua. Siku nne tu baada ya Septemba 11, mwanamume wa dini ya Sikh aliuawa kwa risasi nje ya kituo chake cha mafuta huko Arizona, kwa sababu kilemba chake kilimfanya muuaji amdhanie Mwarabu. Wiki mbili baada ya milipuko ya London, polisi walimpiga risasi fundi umeme Mbrazili ndani ya treni wakimdhania mshambuliaji. Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walisombwa jijini Nairobi na wengine kuzuiliwa kwenye uwanja wa michezo wa Kasarani. Wanaosombwa namna hiyo hawaji kwenye zahanati zetu. Hawatoi hata taarifa za wanachokijua, maana kwenda kituo cha polisi kunawatisha kuliko kukaa kimya.

Upande wa pili kuna Desemba 2015 karibu na Mandera, kaskazini-mashariki mwa Kenya, ambapo basi lilishambuliwa na abiria Waislamu wakakataa washambuliaji wawatenganishe na wenzao Wakristo. Mwalimu mmoja kati yao alipigwa risasi na akafa wiki kadhaa baadaye. Shambulio la aina hii hupangwa ili majirani waogopane, na abiria wale walilielewa hilo upesi kuliko wizara nyingi.

Kuhusu sheria, nchi hazifanani. New Zealand, baada ya watu 51 kuuawa misikitini Christchurch Machi 15, 2019, ilipitisha sheria ya kupiga marufuku bunduki nyingi za nusu-otomatiki katika muda usiofika mwezi, na waziri mkuu wake akakataa kulitamka jina la muuaji. Hali ya hatari iliyotangazwa Ufaransa baada ya mashambulizi ya Paris ya Novemba 2015 ilidumu karibu miaka miwili. Hatua kali za usiku mmoja zina tabia ya kukaa.

Dhana: Mwaka ukipita, yamekwisha

Wafiwa huambiwa hivi hata na ndugu zao. Norway haikufikiri hivyo baada ya Julai 22, 2011, watu 77 walipouawa: kila manispaa yenye manusura ilitakiwa kumpa kila mmoja mtu maalumu wa kumfuatilia kwa angalau mwaka mzima, bila kungoja aombe. Hata huo mwaka kwa baadhi yao haukutosha.

Kesi ya mashambulizi ya Paris ya Novemba 2015 ilianza Septemba 2021, karibu miaka sita baadaye, na ikachukua miezi kumi. Mamia ya manusura na wafiwa walisimama mahakamani kueleza yaliyowapata, kwa hiari yao, na hakimu akawaachia muda. Wengine walikaa nyumbani na hakuna aliyewafuata. Kwa hiyo mkurugenzi anayeandaa kumbukumbu ya mwaka ofisini awaulize kwanza manusura mmoja mmoja, faragha, kama wanataka kuhudhuria na kama wanataka kusema chochote, na anayesema hapana apewe ruhusa ya siku hiyo bila kutakiwa kueleza sababu.