CD3 na CD8 kwenye ripoti ya kansa ya utumbo mpana zina maana gani?

Mtu akiona CD kwenye ripoti akili inakimbilia CD4 na virusi vya ukimwi, anaogopa bure. Hizi CD ni namba za protini zilizoko juu ya seli, tunazipaka rangi maabara ili tujue seli ipi ni ipi, manake kwa darubini ya kawaida seli T, yaani askari wa kinga ya mwili, zote zinafanana mno. CD3 iko kwa seli T zote, CD8 ni ya zile zinazoua, zikiigusa seli ya kansa zinaitoboa na kuimwagia sumu.

Na hapa hatupimi damu jamani. Tunahesabu kwenye kile kipande kilichokatwa wakati wa upasuaji, sehemu mbili: katikati ya uvimbe na pale pembeni unapopakana na nyama nzima. Sehemu ni muhimu kama idadi, askari wakijaa nje ya geti huku mwizi yuko ndani haisaidii sana.

Kazi hii ilipata nguvu 2006, Jérôme Galon na wenzake wa Paris walipoonyesha kwamba wagonjwa wenye seli T nyingi ndani ya uvimbe kansa haikuwarudia sana, tena kipimo hicho kilitabiri vizuri kuliko steji za kawaida. Ikazaliwa Immunoscore, kompyuta inahesabu CD3 na CD8 kwenye sehemu zile mbili halafu inatoa alama, na 2018 ikathibitishwa kwa wagonjwa zaidi ya 2,600 wa nchi 13, steji 1 hadi 3.

Faida kubwa naiona steji 2. Hapo kansa imepenya ukuta wa utumbo ila haijafika kwenye tezi za limfu, wengi wanapona kwa upasuaji peke yake lakini kuna wachache inawarudia, sasa nani apewe kemo na nani aachwe? Alama ikiwa juu daktari anapata sababu nyingine ya kutulia, ikiwa chini anafikiria mara mbili. Ila inasema habari za kundi, sio za mtu mmoja, kuna wenye alama ya chini wamepona kabisa.

Kuna kitu bado kinatushangaza, FOXP3. Hiyo ni alama ya seli T zinazopoza kinga, ungetegemea zikiwa nyingi mambo yawe mabaya, na kwenye kansa nyingi ndivyo ilivyo, lakini kwenye utumbo mpana tafiti kadhaa zimekuta kinyume. Wengine wanadhani ni kwa sababu utumbo umejaa bakteria na seli hizo zinatuliza ile hali ya kinga kuchachamaa inayolisha kansa.

Kipimo ambacho mimi ningekiulizia kwanza ni cha MSI, au MMR, kinachoangalia kama mfumo wa seli wa kurekebisha DNA umeharibika. Karibu 15 kati ya kansa 100 za utumbo mpana zimeharibika mfumo huo, zinatoa protini za ajabu ajabu na seli T zinazijaa. Zikiwa steji za mwanzo huwa zina matokeo mazuri, na zikishasambaa zinaweza kutibiwa na dawa za kuamsha kinga kama pembrolizumab, ambayo Marekani iliiruhusu 2020 kama tiba ya kwanza kwa wagonjwa hao. Kinafanyika kwenye kipande kilekile kilichohifadhiwa maabara, hukatwi tena.